Kibao cha Nane cha Katunge

Jumatatu, Machi 10, 2025
Dkt. Ouko ametangaza. Nafasi moja tu ya msaidizi wa maabara, na tuko wawili: mimi na Katunge. Atakayeonyesha kipimo kizuri Ijumaa ndiye ataichukua. Nikikosa, narudi Naro Moru kubebea wageni mizigo mlimani pamoja na binamu yangu Mwai. Sirudi!

Kila mmoja wetu ana fuwele yake ya fotoni. Vibao kumi na vitano vimesimamishwa kwa mstari kwenye fremu ya mbao, kila kimoja kimejaa pete ndogo za shaba zenye mwanya. Hiyo ndiyo metamateria: umbo la pete lina kazi kuliko shaba yenyewe. Ukirusha mawimbi ya redio upande mmoja, kuna masafa ambayo hayapiti ng'o. Hilo ndilo pengo. Langu lina matuta kwenye grafu. La Katunge ni safi kama kitambaa cha meza ya kanisa. Inaniuma.

Jumanne, Machi 11
Katunge alienda chai ya saa nne. Nikachomoa kibao chake cha nane, cha katikati kabisa. Pengo lake kwisha! Nimekificha nyumbani kwa tata Wamucii, dada ya mama, ninakokaa.

Jumatano, Machi 12
Nilitegemea machozi. Katunge aliuliza kila mtu, kisha akaanza kupima hivyo hivyo, nafasi ikiwa wazi. Ati fuwele yake sasa iko na kitu na anataka kujua ni nini. Nilimshauri aombe kuahirishiwa. Akanishukuru kwa kumjali. Nikajisikia vibaya kwa muda wa kikombe kimoja.

Ijumaa, Machi 14
Nilianza mimi. Pengo, matuta, Dkt. Ouko akapiga miayo. Akafuata Katunge. Katikati ya pengo lake, mahali ambapo hakuna kinachopaswa kupita, mstari mmoja mwembamba umesimama wima! Masafa mamoja tu yananaswa penye kibao kilichokosekana, kisha yanapenya. Dkt. Ouko aliinuka hadi kiti kikaanguka. Akaeleza kwamba kasoro moja, mahali pake, hufungua mlango mmoja, na kwamba vichujio vizuri vya mawimbi hutengenezwa hivyo.

Katunge amepata nafasi. Kwa kasoro YANGU!

Jumamosi, Machi 15
Nimewaza hadi ugali ukapoa. Aliyetoa kibao ni nani? Mimi. Basi mvumbuzi ni nani? Haki ni haki. Jumatatu naenda na ushahidi.

Shida moja. Tata Wamucii amefunika boksi la vifaranga kwa kibao hicho. Anasema kinazuia upepo vizuri sana na hatakitoa. Nimekikomboa kwa ubao wangu wa kukatia sukuma.

Jumatatu, Machi 17
Nimemweleza Dkt. Ouko kila kitu, kifua mbele, na kuweka kibao mezani. Alikishika kwa karatasi, kwa sababu ya vifaranga. Akauliza kama nilijua kitakachotokea. Nikasema hapana, nilitaka tu kumharibia Katunge. Hapo nikasikia nilichosema.

Dkt. Ouko akaweka kibao chini. "Kingori, hivi wewe hujisikii ukiongea?"

Natakiwa nirudishe ufunguo wa maabara kesho na nimpelekee Katunge barua ya msamaha kwa mkono. Mwai naye amepiga simu. Kuna mzigo Jumamosi, kilo kumi na nane.

Jumanne, Machi 18
Barua imekuwa kurasa mbili. Nzuri mno, nimelia mwenyewe nikiisoma. Kweli nilikosea, na sasa naona nilipokosea.

Nilifika maabara, Katunge hayupo. Fuwele yake mpya iko mezani, imekamilika. Nikaweka barua kando yake. Nikachomoa kibao cha kumi na moja. Safari hii nimeacha penye nafasi hiyo jina langu, tarehe na sahihi.