Malalamiko Kuhusu Chuchu Tatu Zisizo na Hatia

Kwa Mkuu wa Kituo cha Kupokea Maziwa

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mizani yako. Mimi ni yule mfugaji wa ng'ombe mmoja, wa mwanzo kwenye foleni kila asubuhi, mwenye kopo la bati lenye kishikio cha waya. Kwa miaka kumi na moja kopo hilo halikuwahi kurudishwa. Juzi mpokeaji wako alilifunga kitambaa chekundu cha maziwa yaliyokataliwa mbele ya foleni nzima, nami nikalibeba hadi nyumbani likiwa limejaa pomoni, huku mke wa fundi baiskeli akinipa pole kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Ndugu Mkuu, roho iliniuma. Naomba kitambaa hicho kifunguliwe hadharani kama kilivyofungwa, kwa sababu hizi:

1. Ng'ombe wetu, Bi Harusi, alivimba kiwele upande mmoja tu, nyuma kulia. Daktari wa mifugo alikuja, akakamua mabonge, akamtia antibiotiki kwa kibomba katika chuchu hiyo moja. Kisha akatamka kwamba maziwa yote yamwagwe mpaka zipite siku nne tangu dozi ya mwisho. Yote! Nilipomuuliza zile chuchu nyingine tatu zimekosa nini, alisema dawa husambaa mwilini kwa njia ya damu. Mimi nimemkamua ng'ombe huyo tangu uzao wake wa kwanza na sijaona kitu kikisambaa. Kwa hiyo chuchu mgonjwa niliikamulia chini, na maziwa ya zile tatu zisizo na hatia nikayaleta kituoni. Huo ni uungwana, si udanganyifu.

2. Daktari aliniachia vibomba vitatu, kimoja kila asubuhi. Baada ya cha pili Bi Harusi alimaliza majani yote akanipiga teke la goti. Mgonjwa hapigi teke namna ile. Nikaona si vizuri kumtibu aliyekwisha kupona, nikakiweka cha tatu kabatini nyuma ya mkebe wa sukari. Sasa uvimbe umerudi, kidogo tu, na daktari anasema tuanze upya, siku zihesabiwe kutoka sifuri. Tangu lini mtu akaadhibiwa kwa kubana matumizi?

3. Naambiwa yule mama mgandishaji wa kituo chako alitia mtindi wake wa kuanzishia kwenye pipa lenye maziwa yangu ya kabla ya kitambaa, akasubiri kutwa nzima, na maziwa yakagoma kuganda. Amenuna, hata salamu yangu haitikii. Lakini Ndugu Mkuu, hebu tutulize vichwa. Kila mkutano unatuhimiza tulete maziwa yasiyoharibika upesi. Mimi nimeleta maziwa ambayo hata ukiyabembeleza hayachachi, na badala ya kupongezwa nimefungwa kitambaa. Napendekeza pipa lile liwekwe mlangoni, wafugaji wengine walitazame na kujifunza.

4. Bi Harusi anaoshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anakaushwa kwa taulo lake mwenyewe, anakandwa, anaulizwa kaamkaje. Mimi mgongo unaniuma tangu mvua zilizopita. Sijakandwa.

5. La tano nimelifuta kwa amri ya mke wangu, maana lilimhusu.

6. Basi naomba siku za kumwaga zifutwe kabisa kwa mwanachama aliyepita miaka kumi. Mtu aliyeleta maziwa safi muda wote huo amejiwekea akiba ya usafi, na akiba hiyo haishindwi kufunika siku nne. Vipimo navyo viwekwe kando. Mwenye ng'ombe akisema maziwa yake ni mazima, neno lake litoshe. Sisi ni watu wazima na tunaheshimiana.

Nisalimie mpokeaji, daktari ukimwona, na mama mgandishaji, huyo kwa mbali mpaka atulie. Mke wangu anawasalimu nyote.

Ni mimi, mfugaji wenu mwenye kinyongo kidogo na heshima tele.

Tanbihi: Kwa kuwa maziwa yetu yanamwagwa, wiki hii tunachukua ya jirani wa ukuta mmoja, kwa ajili ya mjukuu wangu aliyeachishwa kunyonya majuzi. Nikiwa nafunga bahasha hii nimeona pikipiki ya daktari langoni kwa jirani huyo. Chupa ya mtoto nimeimwaga na kuisugua mara mbili. Tafadhali, usipokee hata tone kutoka kwake. Mpime ng'ombe wake leo hii, siku nne mhesabie sita, na akikuapia kwamba chuchu tatu ni nzima usimsikilize. Ni mtu mwema sana, lakini naye kopo lake halijawahi kurudishwa, na mtu wa namna hiyo atasema lolote.