Kigari cha Sajini Kilichokwenda Kinyumenyume

Leo nimeaibika, jamani. Si aibu ya kujikwaa njiani. Ni aibu ya kupakia kwenye behewa na kufunga kwa kamba.

Hamisi na Odongo, wenzangu wa reli, nawaandikia nyinyi kwa sababu hapa mtaani Luzira sina mtu wa kumsimulia. (Wote waliobaki wameona kwa macho yao.) Someni polepole, mwandiko wangu mnaujua, shule niliiaga mapema.

Tangu mlipovuka ziwa mkaniacha, ua wetu umekufa. Ile benchi yetu ipo. Naikalia katikati ili isionekane tupu. Siku hizi za utawala wa wanajeshi, watu watatu wakisimama pamoja, wa nne anakuja kuuliza wanazungumza nini, basi kila mtu amejifungia kwake. Mimi nasikiliza meli za kubeba mabehewa zikipiga honi kule bandari ya Port Bell. Nazijibu. (Ndiyo, nazijibu. Endeleeni kusoma.)

Sasa, Mama Akello. Huyu ni jirani mpya, mke wa sajini mmoja wa kaskazini, mama mchangamfu. Mumewe alirudi kutoka kozi ya ng'ambo na kigari cha kuchezea kinachoendeshwa kwa redio. Unashika kisanduku chenye antena ndefu, kigari kinakwenda kule mbali. Matairi yamevimba kama mandazi! Lakini kilikuwa na injini ndogo inayokunywa mafuta yake maalumu, na mafuta hayo hapa hayapo. Hata sabuni haipo, sembuse mafuta ya kigari.

Juzi akabisha mlango wangu. Jamani, mlango wangu kubishwa! Nilivaa koti kwanza, maana askari wakija kukuchukua, huambiwi kama huko kuna baridi.

"Mzee, kidude hiki kimekaa juu ya kabati kama sanamu. Huwezi kukitoa injini ukakitia mota ya betri?"

"Naweza," nikasema, hata hajamaliza. (Angetaka ndege, ningeuliza tu mabawa mangapi.)

"Basi Jumapili tukijaribu, nitaita ua mzima."

Ua mzima! Hapo ndipo nilipopotea. Sikutaka malipo wala sifa. Nilitaka ile benchi ijae, hata kwa muda wa kunywa chai tu.

Mota ya kwanza niliitoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Ilizunguka kwa adabu sana, kigari hakikutikisika. Ya pili ilikuwa ya waipa ya kioo cha lori. Nguvu ya ng'ombe, mwendo wa ng'ombe, uzito wa ng'ombe. Ya tatu ilitoka kwenye feni ya hita ya gari lile linalooza nyuma ya karakana. Hiyo ndiyo yenyewe! Betri nikaweka ya pikipiki.

Zikabaki gia. Hizo mnazijua: gia ndogo kwenye mota na kubwa kwenye ekseli, unapata nguvu. Ukikuza ile ya mota, unapata mbio. Mimi kwa tamaa nikaanza na mbio. Mota ikanguruma, ikanuka kama nywele zinazoungua, kigari kikabaki palepale. Nikarudi kwenye gia ya meno machache. Safi. Lakini mota yenyewe nene, imekaa mbali, meno hayafikiani. Nikachukua gia ya cherehani bovu nikaichomeka katikati, zikashikana zote tatu kama watu wanaocheza ngoma.

Odongo, najua umeshasimama. Kaa chini. Najua ungenifokea: "Wewe mzee, ukiongeza gia moja katikati, gurudumu linageukia upande mwingine!" Ungeliona palepale, maana kazi yako miaka yote ilikuwa kukaa ng'ambo ya meza na kubisha. Sasa ng'ambo ya meza hakuna mtu. Nilikiweka kigari juu ya tofali, magurudumu hewani, nikawasha. Yakazunguka, yakaimba, nikajipigia makofi. Yalikuwa yanazunguka kuelekea wapi? Sikuuliza. Nilikuwa nafurahi.

Leo watu wametoka kanisani, wakaja. Wamekuja kweli! Walimwona Sajini amekaa kwenye kiti chake uani, buti zinang'aa, wakajua leo mkusanyiko una ruhusa. Papa Zakaria, yule fundi cherehani Mkongo, amekuja na karanga. Benchi imejaa, wengine wamesimama. Nimevaa koti langu la reli. Nimepika sufuria ya chai isiyo na sukari, watu wakainywa wakisema tamu. (Nusura nilie.)

Nikatoa hotuba. Ndefu. Nikakiweka kigari chini, pua ikitazama uwanja mtupu, mgongo ukimtazama Sajini.

"Afande, wewe kaa hapo hapo nyuma," nikasema kwa sauti ili wote wasikie. "Nyuma ndiko salama!"

Nikasukuma kijiti.

Kigari kikaenda nyuma kama risasi. Kikapiga sufuria, chai yote ikamwagika kwenye suruali ya Sajini. Nikakata kona kushoto, kwa kuwa kinarudi nyuma mkia ukaenda nisikotaka, kikamfuata Papa Zakaria, akapanda benchi na karanga zake.

"Banange, jamani, kinauma!" akapiga kelele mama mmoja.

Nikarudisha kijiti, swichi ikang'ang'ania. Sajini akaruka juu, akakinyooshea kigari kidole, akanguruma kwa sauti ya gwaride:

"SIMAMA!"

Alikuwa anakiambia kigari. Kila mtu alijua anakiambia kigari. Ila mimi. Nilitupa kisanduku, nikapiga magoti kwenye matope ya chai, mikono juu, nikalia: "Sina hatia, Afande! Naishi peke yangu, simjui mtu yeyote!"

Kigari kikajigonga kwenye ukuta, kikanyamaza.

Laiti wangecheka! Walimtazama Sajini kwanza kuona kama atacheka. Hakucheka. Alinitazama sana, kama mtu aliyeonyeshwa kitu asichokitaka.

"Mzee," akasema polepole, "shusha mikono."

Akabeba kiti chake akaondoka. Kiti kikaenda na ruhusa. Kufumba na kufumbua, uani nimebaki mimi, sufuria, na Mama Akello akiokota kigari.

"Mzee, kinarudi nyuma."

"Nimeona, mwanangu."

"Kitengeneze tu," akasema, akaniachia kwenye benchi, akamfuata mumewe haraka.

Nimeshakitengeneza. Nimebadilisha nyaya mbili za mota, hii ikakaa pa ile, kazi ya kumaliza sigara moja. Sasa kinakwenda mbele vizuri sana. Kinatoka mezani mpaka mlangoni, nakifuata, nakirudisha. Mlango hakuna aliyebisha tena.

Kwa hiyo nawaomba, msinicheke. Na kama kicheko kitawashinda, msikimalizie huko: njooni mchekee hapa, kwenye benchi. Chai nitapika. Sukari mje nayo.