Mkalimani wa Damu

Mkalimani alipomwona yule mtu mnene akitoka kwenye dirisha la maabara na karatasi ameishika juu chini, alijua kazi imejileta yenyewe. Mtu anayeshika majibu ya damu namna ile anataka kuambiwa jambo, na Mkalimani hajawahi kuwa mchoyo wa maneno. Akasogea pembeni kidogo kwenye benchi, akapangusa mahali pa kukaa kwa kiganja, akasubiri.

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Damu unatolewa chumba cha kwanza, majibu unapewa dirishani, halafu unakwenda kupanga foleni kwa daktari akueleze maana yake. Foleni ya daktari ilikuwa ndefu, na kumwona kulikuwa na malipo yake mengine. Katikati ya dirisha na foleni ndipo lilipokaa benchi la mbao, na benchi hilo ndilo lililokuwa ofisi ya Mkalimani. Alivaa koti jeupe alilouziwa na kinyozi aliyefunga duka, na ukichungulia vizuri ungeona vinywele vya watu kwenye mshono wa kola. Mfukoni alikuwa na kalamu, mkononi chupa kubwa ya maji, na chini ya benchi mfuko wa unga wa majani ambao hata yeye alikuwa amesahau ni majani gani.

Kwa haki lazima isemwe kwamba hakuwahi kudai yeye ni daktari. Daktari, alikuwa akisema, anajua damu, lakini mimi ndiye ninayejua lugha yake. Watu waliiona hoja hiyo kuwa nzito, hasa wale ambao foleni ilikuwa imewachosha.

Yule mnene alikuwa mfanyabiashara wa mabati, na mtaa mzima ulimwita Mabati. Alikuwa na maduka kadhaa na hakuwahi kununua kitu kwa bei iliyotajwa. Asubuhi hiyo alishalipia kipimo, kwa uchungu, na wazo la kulipa tena ili aambiwe kipimo kimesema nini lilikuwa limemkaa kooni. Kwa hiyo aliposikia kwamba huyu jamaa wa koti jeupe husoma kwa bei ya maelewano, alikaa.

"Himoglobini kumi na tano," Mkalimani alisoma, kisha akainua macho. "Bosi, shule ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukirudi nyumbani na kumi na tano kwenye mtihani, mama alikuwa anakufanyaje?"

Ilionekana Mabati amekumbuka.

"Tuiache hiyo. Figo." Mkalimani akashusha sauti kama mtu aliye msibani. "Sifuri nukta tisa. Bosi, una figo ngapi?"

"Si mbili?"

"Mbili. Na zote kwa pamoja zimeshindwa kufikisha hata moja."

Pembeni mwa karatasi ile, kama ilivyo kwenye karatasi yoyote ya maabara, ilichapwa safu ya viwango: kuanzia namba hii mpaka namba hii, mtu mzima yuko sawa. Kila namba ya Mabati ilikaa katikati ya kiwango chake, imetulia kama mwenye nyumba sebuleni kwake. Damu yenye himoglobini kumi na tano ni damu ya kujivunia, na figo zenye sifuri nukta tisa ni figo zinazochapa kazi. Lakini safu hiyo Mkalimani alikuwa ameikunja nyuma kwa kidole gumba, na wateja wake hawakuwahi kuuliza kwa nini karatasi yao imekuwa nyembamba.

Akapita kwenye chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, akazikuta elfu sita, akauliza kama Mabati anajua nchi inayolindwa na askari elfu sita. Akafika kwenye chembe za kugandisha damu, akazikuta laki mbili na nusu, akatikisa kichwa kwamba hizi sasa zimejazana mno, na watu wengi wasio na kazi mahali pamoja huleta fujo. Alipofika kwenye sukari, kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka Mabati, naye Mkalimani alikuwa ameshapeleka mkono chini ya benchi kuutafuta unga.

Hapo Mabati akasema jambo lililousimamisha mkono huo. Alikuwa ameomba bima ya maisha, bima nene, na kampuni ilitaka apimwe damu hapahapa hospitalini kabla ya kumkubali. Leo alikuja kwa siri kujijaribu kwanza. Sasa akipimwa na damu hii yenye sifuri, bima itamkataa, na mke wake, ambaye wazo lilikuwa lake, hatamsamehe.

Mkalimani akanywa maji, funda refu. Siku hizi alikuwa anakunywa chupa mbili kabla ya mchana na kwenda chooni kila mara, jambo aliloliona kuwa la kawaida kwa mtu anayeishi kwa mdomo wake. Alikuwa amepungua pia, suruali ikimshinda kiunoni, akajisifu kwamba umbo la ujana limerudi. Akapangusa midomo.

"Bosi," alisema, "kampuni ya bima inataka damu. Kuna mahali imesema ni lazima iwe yako?"

Kwa haki isemwe kwamba Mabati aliona vibaya kidogo, lakini hisia hiyo haikudumu. Akauliza damu safi inapatikana wapi. Mkalimani akakunja mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, akaulaza mkono wake juu ya benchi, mishipa juu, kama muuza vitambaa anavyokunjua kitambaa chake bora. Maisha yake yote, alisema, hajawahi kulazwa, hajawahi hata kuumwa kichwa.

Kuhusu malipo, hakutaka fedha. Mkabala na lango la hospitali Mabati alikuwa na chumba cha duka, kitupu tangu mpangaji wake ahame. Mkalimani alikuwa akikitazama chumba hicho kutoka kwenye benchi kila siku ya jua na kila siku ya mvua. Alijua bawaba zake. Alitaka akae humo bila kodi, apate mlango, meza na kiti chenye mgongo, aache kuwafukuzia watu kwenye korido kama muuza karanga. Alipokieleza chumba hicho sauti yake ilibadilika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli tupu.

Wakabishana, maana Mabati asingeweza kulala bila kubishana, kisha wakapeana mikono. Ufunguo ukabadilisha mfuko.

Shughuli yenyewe ilikuwa nyepesi. Mkalimani alikwenda maabara na barua ya bima ya Mabati, akaitika jina la Mabati, akajibu kwamba hajala kitu tangu jana, akatazama ukutani sindano ilipoingia. Aliyemtoa damu alikuwa na watu wengi nyuma yake na hakuwa na sababu ya kumtilia shaka mtu aliyejiletea mkono mwenyewe. Mchana huohuo Mkalimani alinunua rangi. Akapaka chumba kijani, rangi ya matumaini, akaagiza kibao chenye maneno Kituo cha Tafsiri ya Damu, akakaa katikati ya chumba kitupu juu ya ndoo ya rangi, akiwa na furaha ambayo mtu mwaminifu angeionea wivu.

Siku iliyofuata daktari alimpigia simu Mabati, aje leo, asingoje kesho. Mabati aliitafsiri haraka hiyo kuwa ni heshima. Hata hivyo hakutaka kuingia peke yake kwenye chumba cha mtu anayejua zaidi yake, kwa hiyo akamchukua Mkalimani, ambaye alivua koti na kuwa shemeji kwa muda.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, na hakutabasamu walipoingia. Alimkalisha Mabati kwenye kiti cha mgonjwa, shemeji akapewa stuli pembeni. Akaiweka karatasi mezani, imekunjuliwa yote.

"Mzee wangu, nitakueleza polepole," alisema. "Hii ni sukari yako kabla ya kula. Inatakiwa isifike sita. Yako ni kumi na tisa. Na hii nyingine ni wastani wa miezi mitatu nyuma. Hii haidanganyiki, hata mtu angeshinda na njaa wiki nzima kabla ya kupima. Nayo iko juu sana."

Mabati alimgeukia shemeji yake kwa macho ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Shemeji alikuwa anaitazama karatasi. Hakuwahi kuiona safu ile ya viwango kwa muda mrefu namna hiyo bila kuikunja.

Namba moja iliyopotoka, daktari aliendelea, mara nyingi si ugonjwa. Mtu anaweza kuwa amekula, au amekimbia, au ana mafua tu, ndiyo maana daktari humuuliza mtu mwenyewe kabla ya kuiamini karatasi. Kwa hiyo akauliza. Je, ana kiu isiyoisha? Mabati akasema hapana. Pale pembeni, Mkalimani akaiteremsha chupa yake taratibu, akaificha nyuma ya miguu. Je, anaamka usiku kwenda haja ndogo mara kwa mara? Mabati akasema yeye akilala amelala. Mkalimani akameza mate, na mate hayakuwapo. Je, amepungua bila sababu? Mabati akajitazama tumbo, na daktari naye akalitazama, na swali likajibiwa bila mtu kusema kitu. Je, miguu inamchoma, au inakufa ganzi?

"Haichomi," alisema Mabati.

"Usiku tu," alisema shemeji.

Mkalimani mwenyewe alishangaa kuisikia sauti yake. Akaongeza haraka kwamba anazungumza kwa niaba ya familia.

Daktari akafungua droo, akatoa kipima sukari kidogo, kile cha kutoboa kidole, akasema dawa atakayoitoa ina nguvu, na akimpa mtu asiyeihitaji inaweza kumwangusha palepale. Lazima ahakikishe. Akamtoboa Mabati kidole, tone likanyonywa, kipima kikafikiri kidogo. Dakika za mwisho za dunia ya Mkalimani zilikuwa zinakatika, naye hakuthubutu kusogeza hata stuli.

"Tano na nusu," alisema daktari. "Na chai umekunywa?"

"Na maandazi."

"Basi huenda kifaa hiki ni kibovu." Akageuka. "Shemeji, naomba kidole."

Mkalimani aliwahi kukwepa polisi, wenye nyumba na mjane mmoja mwenye mwavuli, lakini hapakuwa na pa kwenda kati ya stuli na ukuta. Alisema anaogopa sindano. Daktari akasema hata yeye anaziogopa, huku ameshamshika mkono. Kipima kilifikiri tena, kwa muda mrefu zaidi, na safari hii hakikutoa namba. Kiliandika neno tu, lile linaloandikwa sukari ikipanda kuliko kifaa kinavyoweza kuhesabu.

Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavua miwani.

"Kumbe damu ya jana ni ya shemeji. Nani aliyekuambia yako mbaya, mzee?"

Mabati akanyoosha kidole. Kisha, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote, akatoa mfukoni karatasi yake ya kwanza iliyokunjamana, akaomba isomwe pamoja, madhali ameshakaa. Daktari aliisoma kwa pumzi moja. Kila kitu sawa, alisema, angepita bila swali. Kisha akaeleza kwamba ripoti ya bima inabidi iandikwe ilivyokuwa, kwamba mtu alileta damu ya mtu mwingine, na kampuni haitamchukua. Hivyo ndivyo mwenye damu safi kuliko wote chumbani alivyokataliwa kwa ajili ya damu mbovu aliyoinunua mwenyewe.

Mabati alisimama. Hakupiga kelele, alikunjua kiganja tu. Mkalimani aliutoa ufunguo akauweka hapo, na Mabati akatoka, akiwaza atakavyomwambia mke wake, na pia, kwa sababu ndivyo alivyo, kwamba chumba sasa kimepakwa rangi bure.

Mkalimani alibaki. Daktari alimwonyesha kiti cha mgonjwa, naye akakikalia, na kilikuwa na mgongo. Aliambiwa atalazwa leo, atawekewa maji na dawa ya kushusha sukari, figo zitaangaliwa kwa makini kwa sababu zimeanza kuchoka. Akitunza masharti ataishi. Akipuuza atapoteza miguu, au macho, au vyote. Alisikiliza maneno hayo kama fundi anavyosikiliza kazi ya fundi mwenzake. Kweli alikuwa mzuri. Ametisha vya kutosha, amenyamaza mahali pa kunyamaza. Sasa ilibaki sehemu moja tu, nayo ni ile ya mkono kwenda chini ya meza.

"Na dawa yako wewe," aliuliza, "ni bei gani?"

"Sina ninachouza mimi. Dawa ziko dirishani, utakuta bei ukutani."

"Hata ya majani?"

"Lala hapo kitandani, kaka. Nitakuitia muuguzi."

Akatazama chini ya meza. Palikuwa na viatu vya daktari na waya wa taa. Akamtazama usoni, kwa jicho lile alilowatazamia wateja miaka yote, akitafuta mahali mtu anapoficha uongo wake. Alitafuta sana. Hofu ikampanda kutoka kwenye miguu ile inayochoma mpaka kooni, maana mwanamke yule hakuwa ameficha kitu, na Mkalimani akaanza kulia.