Majibu Yangu Yamenipita Cheo

Ofisi ya Ushuru wa Viwandani,
Nyuma ya Kiwanda cha Biskuti,
Vinchurgaon.
3 Juni 2003

KWA: Mwenyekiti, Bodi ya Ushuru, Delhi.

KUPITIA KWA: Kamishna Msaidizi wa Ushuru, Vinchurgaon. (Kiti chake kiko wazi tangu Februari. Kwa mujibu wa utaratibu, barua hii iwekwe mezani pake imsubiri.)

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUPANDISHWA CHEO, KUSAWAZISHIWA MSHAHARA NA KURUHUSIWA TAULO

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima na feni yako ikizunguka. Ya kwetu huzunguka inapopenda. Mimi ni Manohar Phadtare, Msimamizi wa Ushuru, na mwisho wa mwezi huu natimiza miaka sitini na kustaafu. Si desturi yangu kulalamika. Mke wangu Nalini ni shahidi wa hilo, ingawa ukimuuliza tafadhali usimpe nafasi ya kueleza kwa kirefu.

Jambo langu ni moja tu. Lakini kwa kuwa Ofisi haiwezi kumeza jambo lisilo na namba, nimelikata vipande.

1. Mtihani. Tarehe 14 Novemba 1966 nilifanya mtihani wa kuingia utumishi wa kodi. Tarehe hiyo nina hakika nayo, maana naandika shajara tangu nikiwa sekondari, na siku hiyo niliandika: "Karatasi nyepesi. Nimekula ndizi mbili." Nyuma yangu alikaa kijana aliyeitwa Trimbak Lokhande. Shingo ya Trimbak ni ndefu kuliko inavyohitajika kwa matumizi ya kawaida. Alinakili majibu yangu yote isipokuwa la swali la kumi na saba, ambapo nilipiga chafya na kichwa changu kikaziba karatasi. Swali hilo alilijibu mwenyewe. Alikosa.

Matokeo yalipotoka, nilimzidi kwa swali hilo moja. Aliyefaulu zaidi aliruhusiwa kuchagua kwanza, nami nikachagua Ushuru wa Viwandani, kwa sababu tuliambiwa mkaguzi wa ushuru hupewa baiskeli na hulala kwake. Trimbak akaachiwa kilichobaki, yaani Forodha, bandarini, kwenye panya. Nilimpa pole. Nilimnunulia chai.

Kumbe Forodha walikuwa wachache na wazee. Wale wazee walistaafu mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka alimsukuma Trimbak juu. Leo yeye ni Naibu Kamishna. Mimi nilikuwa Mkaguzi hadi mwaka 1984, nikawa Msimamizi, na Msimamizi ndiye ninayekuandikia. Mheshimiwa ataona ugumu uliopo: majibu ni yaleyale. Majibu yangu, yakiwa kwa Trimbak, yana gari na dereva. Mwenye majibu anapanda bajaji.

2. Mshahara. Tofauti kati ya mshahara wangu na wa Trimbak sitaitaja kwa tarakimu, kwa kuwa karani anayepiga chapa barua hii ni mtu mwenye moyo mwepesi. Nitasema tu kwamba tofauti hiyo, kama ingekuwa binadamu, ingekuwa mkaguzi kamili mwenye mke na pikipiki.

Wala isidhaniwe kwamba kazi yake ni ngumu kuliko yangu. Ilipozuka kesi ya mafuta ya nazi ya kiwanda kimoja hapa mjini, kama ni mafuta ya kupikia (ushuru mdogo) au ya nywele (ushuru mkubwa), ni nani aliyetumwa kuthibitisha? Nilikaanga bajia kwa mafuta hayo, mbele ya mashahidi, nikala sahani nzima kwa niaba ya taifa. Kisha nikajipaka kichwani. Nikaandika ripoti kwamba yanafaa kote kuwili. Kesi ingali mahakamani, na tumbo langu halijawahi kurudi lilivyokuwa.

3. Taulo. Mheshimiwa anajua, kwa kuwa naamini ameegemea moja sasa hivi, kwamba kuanzia Kamishna Msaidizi kwenda juu kiti cha mtumishi hutandikwa taulo jeupe mgongoni. Chini ya hapo mgongo wa mtumishi hugusana na ngozi ya bandia. Mwezi wa Mei, hapa Vinchurgaon, mgongo na kiti haviachani bila kupiga kelele, jambo linaloondoa heshima ya serikali hasa mtu anaposimama kumpokea mgeni.

Wafanyabiashara hawasomi vibao vya milangoni. Wanatafuta taulo. Mwaka juzi mwenye kiwanda cha viberiti aliingia ofisini, akanipita, akaenda kumwinamia kwa mikono miwili Rambhau, tarishi wetu, ambaye alikuwa na taulo la kufutia vikombe begani. Rambhau alimsikiliza hadi mwisho. Alimwahidi kulishughulikia jambo lake.

Mwaka jana, tarehe 2 Machi, nilijinunulia taulo langu mwenyewe, jeupe, lenye ukingo wa buluu, nikalitandika kitini. Chai ya saa nne haijafika, ikafika barua ya Kamishna Msaidizi wa wakati ule: "Eleza kwa maandishi, ndani ya siku tatu, ni kwa nini umejitandikia cheo usichonacho." Nilieleza kwa kurasa nne. Niliagizwa kulitoa. Rambhau alilikunja akaniambia, "Mzee wangu, achana nao. Taulo ni taulo tu. Sisi kwetu tunajifutia." Ana moyo mzuri, lakini hakuelewa.

Aliyeelewa ni Bwana Digambar Kharat, Msimamizi wa meza ya pili, ambaye naye ameota mizizi katika cheo hikihiki. Aliposoma ile barua alilia waziwazi. "Kaka Manohar," alisema, "leo ni mgongo wako, kesho wangu." Tulikula kiapo juu ya sahani ya bajia, za mafuta ya kawaida, kwamba atakayepanda kwanza atamvuta mwenzake. Kwa hiyo, Mheshimiwa, usinione kama mbinafsi. Ninapodai, nawadaia wote, na Kharat kabla ya wote.

4. Ukoo. Hapa ndipo panaponiuma. Tarehe 9 Mei 1970 nilimwoa Nalini. Trimbak alikuja harusini kama mgeni, akatazama, na mwaka uliofuata akamwoa Shalini, mdogo wake. Msomaji makini atautambua mtindo. Tangu hapo yeye ni mwanyumba wangu, na tunakutana katika kila sikukuu.

Sebuleni kwa mama mkwe wetu, Bibi Indutai, ukiacha kiti chake mwenyewe, kuna kiti kimoja tu chenye mikono. Huwekwa kuliani kwake, kwa mkwe mkubwa. Mkwe mkubwa kwa ndoa ni mimi. Lakini mama mkwe huhesabu kwa taulo. Diwali iliyopita alitangaza mbele ya watu wote: "Trimbak mwanangu, njoo ukae kwenye mikono. Na wewe Manohar, usinisimamie hapo kama mdai. Lile gunia la mchele halina mtu."

Nilikaa. Trimbak akacheka hadi miwani ikamdondoka: "Mwanyumba, shukuru! Angalau wewe umekalia mali!"

Nalini hakucheka. Tukiwa ndani ya bajaji tunarudi, aliniambia: "Baba Charu, mimi ndiye dada mkubwa. Shalini nimemlea, nimemsuka, nimempiga makofi. Nikisimamishwa tena nyuma ya kiti cha mumewe kwenye picha, mimi nitaangalia ukutani."

Sasa basi. Jumapili ya tarehe 22 mwezi huu Bibi Indutai anatimiza miaka themanini. Mpiga picha ameshaagizwa. Picha itatundikwa sebuleni juu ya redio, na watoto wa watoto wetu wataiangalia. Nalini ni mtu wa kutimiza neno. Mwaka 1988 alisema hatapika tena mbilingani, na mbilingani nimezisahau sura. Nikistaafu hali ni Msimamizi, Mheshimiwa, nitakaa juu ya lile gunia mpaka nife, na ukutani atabaki mwanamke mwenye kisogo.

5. Hesabu ya mwendo. Katika utumishi wangu wote nimepanda mara moja, baada ya miaka kumi na minane. Kutoka hapa nilipo hadi kwenye kiti chako kuna ngazi sita. Kwa mwendo huu nitakuwa Mwenyekiti wa Bodi mwaka 2092, nikiwa na umri wa miaka 149. Sina pingamizi na tarehe hiyo. Ila sheria inanistaafisha nikiwa na sitini. Ama kanuni ya kupanda ibadilishwe, au kanuni ya kuzeeka.

6. Maisha yajayo. Endapo Ofisi itaona namba 5 ina ugumu, naomba muda wangu wa kazi usifutwe na kifo, bali uhamishiwe katika maisha yangu yajayo, nikizaliwa upya niendelee pale nilipoishia. Nikizaliwa mtu, nitaripoti kazini nikitimiza umri. Nikizaliwa nyati, naomba kipindi hicho kihesabiwe likizo bila malipo. Nikizaliwa panya, nipangiwe Forodha. Na Trimbak, popote atakapozaliwa, akalishwe mbele yangu, siyo nyuma.

Kwa sababu hizo zote naomba mojawapo ya yafuatayo lifanyike kabla ya tarehe 22:

(a) nipandishwe kuwa Kamishna Msaidizi, pamoja na mshahara, taulo, na Kharat, ama

(b) Trimbak ashushwe ngazi mbili kwa siku hiyo moja tu, na arudishiwe vyeo vyake jioni, baada ya vyombo kuoshwa, ama

(c) karatasi yangu ya mtihani ya mwaka 1966 itafutwe ghalani na ipandishwe cheo yenyewe, nami niruhusiwe kukaa kitini kama mwakilishi wake, ama

(d) kama yote yatashindikana, Bodi imwandikie mama mkwe. Lakini namshauri Mheshimiwa, kwa mapenzi ya dhati, asiichague hii. Atamjibu.

Nawasalimu wajumbe wote wa Bodi na familia zao, makarani, madereva, wapiga chapa, na yule ndugu wa masjala ambaye faili langu humpotea kila mwaka. Mwambie sina kinyongo naye. Nalini anawasalimu, Kharat anawasalimu kwa machozi, Rambhau anauliza kama huko Delhi chai mnatia tangawizi.

Wako mtiifu, na mwenye mgongo mtupu,

Manohar B. Phadtare
Msimamizi wa Ushuru

N.B. 19 Juni. Barua hii ilifuata utaratibu. Iliwekwa juu ya meza ya Kamishna Msaidizi imsubiri apatikane, na jana mchana amepatikana. Ni mimi. Kumbe amri ya Bodi ilitiwa sahihi tangu Aprili, ikawa inatembea tu. Nimepewa cheo hadi nitakapostaafu. Nimehamia chumba cha pembeni, taulo nimelikuta, na karatasi ya kwanza niliyoikuta mezani, ikingoja nipendekeze au nikatae, ndiyo hii.

Nimeisoma kwa makini, mara mbili, nikiwa nimeegemea. Mwandishi ana lugha nzuri lakini hana subira, na anaingiza mambo ya wakwe katika kazi ya serikali. Hoja ya nyati haina kanuni. Watumishi wa umma wafundishwe kungoja. Utaratibu uliopo, ukiutazama kutoka huku, una hekima nyingi kuliko unavyoonekana kutoka meza ya pili. SIPENDEKEZI.

Bwana Kharat alikuja kunipongeza na boksi la peremende za maziwa, akanikumbusha zile bajia. Nilimwambia nitalishughulikia. Leo asubuhi nimekuta ametandika taulo kitini pake, jeupe, lenye ukingo wa buluu. Ni lile langu, Rambhau alimpa. Nimemwandikia aeleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, ni kwa nini amejitandikia cheo asichonacho.

Lakini Mheshimiwa asiniwazie vibaya. Jana Nalini alimpigia simu mama yake kumpa habari. Aliitoa pole pole, cheo kwanza, chumba, kisha taulo. Mama mkwe akauliza kwa sauti iliyonifikia mpaka barazani:

"Ala! Kwani siku hizi wanampa kila mtu?"

Hakusema kiti chenye mikono atakikalia nani. Amesema ataangalia.

Kwa hiyo nafuta maombi yote ya hapo juu na badala yake naweka moja: asipandishwe mtu mwingine yeyote, nchi nzima, mpaka Jumapili ipite. Picha ikishasafishwa na kutundikwa, wapewe wote. Aanze Kharat. Hata Rambhau apewe. Kazi ya kusikiliza watu na kuahidi kulishughulikia ameshaianza.