Habari Tukufu za Swali la Mwisho

Sogeeni, enyi mliobakiwa na bando na enyi mliokatikiwa, enyi mnaolala mchana wa Jumapili mkijifanya mnasoma gazeti. Vuteni viti, zimeni redio, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto, kwa maana nataka kuwasimulia vita ambavyo havikumwaga damu wala chai, vilivyopiganwa sebuleni kwangu, juu ya meza yangu, na shujaa ambaye nguo zake nazifua mimi. Wenzangu wamejaliwa kusimulia habari za majemadari waliovuka milima na majeshi yao. Mimi niliyepewa ni huyu, nami kwa huyu huyu nitajitahidi.

Jina lake la vita ni Msimamizi. Ni mume wangu, na kazi yake ni kusimamia mitihani: hafundishi, hatungi, hasahihishi, bali huketi mbele ya chumba kilichojaa vijana walioinamisha vichwa, akawatazama mpaka muda uishe. Yeye ndiye Mwenye Kengele Mezani, Mkata Minong'ono, Jicho Lisilosinzia, aliyewahi kumtoa mtahiniwa nje kwa kosa la kutabasamu. Viatu vyake vina soli laini ili asisikike akija kwa nyuma, na huvivaa hata nyumbani, ndiyo maana mimi hushtuka kila nikigeuka na kitu cha moto mkononi.

Basi ikawa, ndugu walipotawanyika kila mtu na mji wake, na watu wakawa wanaonana misibani tu, shujaa huyu akashukiwa na maono. Akatangaza kwenye kundi la familia kwamba kila Jumapili alasiri atawaendeshea chemshabongo kwa simu, kila mmoja akiwa kwake, wote wakionana kwenye skrini. Watu wakashangilia, masikini, kwa kuwa hawakujua. Walidhani watakaa wacheke, waulizane habari za watoto, na katikati ya hayo yapite maswali mawili matatu ya kuchangamsha. Kumbe walikuwa wameandikishwa mtihani.

Mama yake mzazi alimwita mtahiniwa. Mimi, kwa kuwa watahiniwa hawakai chumba kimoja na msimamizi, nilihamishiwa jikoni kwangu mwenyewe, nikawa namwona mume wangu kwenye simu huku kikohozi chake nikikisikia ukutani. Anayejua jibu ainue mkono na angoje kuitwa. Anayecheka apigiwe kengele. Habari za watoto zisubiri mpaka baada ya mtihani. Na baada ya mtihani hakukuwa na mtu, kwa sababu kila Jumapili walikuwa wakichomoka mmoja mmoja, huyu chaji imemwishia, yule mlango unagongwa, hadi ile Jumapili ya aibu ambapo shujaa aliuliza swali la mwisho, akainua uso, akaona kwenye skrini uso mmoja tu, nao ni wake.

Hapo ndipo wifi yangu, yaani dada yake, alipotuma ujumbe kwenye kundi. "Kaka, usininunie, lakini watu wamechoka. Mwachie Spika naye ajaribu. Ana muziki, ana vichekesho."

Spika ni mume wake wifi. Hukodisha vipaza sauti kwenye sherehe, na koo lake halijawahi kujua kwamba vipaza sauti vipo. Naye hakungoja kuulizwa mara mbili. "Shemeji, pumzika, umefanya kazi kubwa," aliandika, akaweka picha ya tarumbeta.

Mama mkwe, ambaye neno lake katika ukoo huu halina rufaa, akatoa hukumu kwa ujumbe wa sauti. "Mwanangu apewe Jumapili moja tena. Swali lake la mwisho likipata mtu wa kulijibu, aendelee. Likikosa, amwachie Spika, na mimi nisisikie kelele."

Nitasema kweli, maana mwandishi wa habari kubwa hapaswi kuficha: mimi niliomba ashindwe. Niliomba kwa moyo mweupe. Nilizitamani alasiri zangu za Jumapili, kitanda changu, na jiko langu lisilo na mitihani.

Juma zima shujaa alijitayarisha kwa vita. Alitunga maswali kwenye meza ya kulia, akiyafunika kwa mkono kama mwanafunzi anayemwogopa jirani, na wakati huohuo akiyanong'ona yeye mwenyewe, na majibu yake, kwa sauti iliyonifikia kwenye masufuria. Kisha akayatia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akapiga sahihi juu ya mfuniko, akaifungia kabatini, funguo akaning'iniza shingoni. Akatunga pia sheria mpya, silaha yake ya siri: kila mtahiniwa aegemeze simu yake kwenye kitu, mikono miwili ikae mezani, na atakayeigusa simu kabla ya mwisho atahesabiwa mdanganyifu, na jina lake litasomwa mbele ya Mama. Hapo aliwaweza. Mtu anaweza kudharau alama, lakini hakuna kati yetu anayetaka kupigiwa simu na Mama juma zima akiulizwa amelelewa na nani.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta anapiga pasi shati lake la kazini. Akaniambia bila kunitazama, "Wakimpa Spika huu mchezo, mimi watanipigia simu kwa lipi?"

"Angalia hiyo kola, unaiunguza," nikamwambia.

Alasiri ikafika. Shujaa akaketi mbele ya kompyuta, kengele kuliani, glasi ya maji kushotoni, na madirisha yakafunguka kwenye skrini moja baada ya jingine: Mama kwenye kiti chake chenye mto, wifi na Spika, kila mmoja chumba chake, Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, aliyekuwa amevaa kofia ndani ya nyumba, Fundi Friji, rafiki yake wa tangu ujana, akiwa karakanani kati ya milango iliyong'olewa, na mimi jikoni, simu nimeiegemeza kwenye birika. Akasimama. Akainua bahasha mbele ya kamera kama mtu anayeonyesha kichwa cha adui.

"Watahiniwa! Leo ni siku ambayo wenye bidii watajulikana na wazembe watajulikana. Mtaona kwamba bahasha hii imefungwa na sahihi haijavunjwa. Mtahiniwa Fundi, thibitisha."

"Imefungwa," akasema Fundi Friji. "Lakini si umeifunga wewe mwenyewe?"

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, bwana, ndiyo."

Ikapigwa kengele, na vita vikaanza. Akauliza nyuki ana macho mangapi. Baba Mdogo akainua mkono kwa haraka, akaitwa, akajibu mawili, akaambiwa amekosa, ni matano.

"Matano!" akapiga kelele Baba Mdogo. "Mimi nimeumwa na nyuki mpaka nikavimba uso, sijaona mwenye macho matano."

"Utayaona saa ngapi, Baba, na wewe unakimbia?" akasema wifi.

Tukacheka. Wallahi tulicheka wote, hata Mama, na kwa kitambo hicho kidogo ule mchezo ukafanana na mchezo. Shujaa akapiga kengele mpaka tukanyamaza. Alikuwa ameletewa ushindi mlangoni kwa sahani, akaurudisha.

Tangu hapo majeshi yakaanza kuyeyuka. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujanja wa wanadamu ulipoonekana. Sheria ilikataza kugusa simu. Haikukataza kuinuka. Fundi Friji alikuwa wa kwanza kuling'amua hilo: alinyanyuka polepole huku akitazama kamera kwa adabu, akatoka pichani, ikabaki milango ya friji. Wifi akafuata, tukabaki na feni yake ikizunguka. Spika, jemadari wa upande wa pili, alididimia kwenye kiti sentimita kwa sentimita mpaka ikabaki fulana aliyoitundika juu ya mgongo wa kiti, ionekane kama bega. Baba Mdogo aliacha kofia. Mama peke yake hakutoroka. Alilala palepale, mikono miwili mezani kama sheria ilivyotaka, mdomo wazi.

Na mimi? Matone yalianza kupiga bati, nguo zilikuwa kambani. Nikatoka kama wenzangu, na sikutazama nyuma.

Nilikuwa narudi na lundo la nguo kifuani nilipopita nje ya dirisha la sebule, nikamwona kwa mgongo, na mbele yake skrini yake. Milango ya friji. Feni. Fulana. Kofia. Mama aliyelala. Birika langu. Nikadhani atakasirika, atapiga kengele, atataja majina. Hakufanya hivyo. Alisoma swali lililofuata kwa sauti ileile, akangoja muda wote uliowekwa, akatazama dirisha moja moja kama kuna mtu ndani yake, kisha akasema, "Hakuna," akatia alama kwenye karatasi, akaenda lingine.

Hapo nikaelewa kitu ambacho miaka yote ya ndoa sikukiwaza. Huyu mtu amezoea. Kazi yake tangu nimjue ni kukaa mbele ya watu wasiomsemesha, na wanaponyanyuka humwachia karatasi wakaondoka bila kumuaga. Nilimwonea huruma, na ile huruma ikanipandisha hasira, kwanza kwa Spika na fulana yake, kisha kwa dada yake wa kuzaliwa naye, kisha kwa mwanamke aliyesimama dirishani na nguo za watu.

"Swali la mwisho," akasema. "Ni kiumbe gani wa baharini mwenye mioyo mitatu?"

Feni ikazunguka. Enyi mnaosikiliza, nilichotakiwa kufanya ili Jumapili zangu zirudi ni kusimama tu. Kazi nyepesi kuliko hiyo sijawahi kupewa.

"Pweza!" nikapaza sauti dirishani.

Hakugeuka. "Jibu halipokelewi kupitia dirisha. Mtahiniwa arudi kwenye nafasi yake."

Mpumbavu gani huyu, nikasema, na miguu yangu imeshaanza kukimbia. Nikaizunguka nyumba kwenye matope, soksi ikadondoka, nikaiacha kwa kuwa vitani majeruhi huachwa. Nikapita mlango wa nyuma kwa bega, nikateleza kwenye vigae, nikaketi mbele ya birika na lundo mapajani, nikaona kwenye simu mkono wake umeshainuka juu ya kengele. Nikainua wangu. Ulikuwa umeshika fulana yake ya ndani, imelowa, inachuruzika.

Alitazama skrini. Alipitisha macho juu ya milango, feni, fulana na kofia, kama mtu mwenye mikono mingi ya kuchagua.

"Ndiyo," akasema. "Mtahiniwa wa jikoni."

"Pweza."

"Jibu ni sahihi." Naye akaipiga kengele mlio ambao majirani waliusikia.

Mama akazinduka. Fundi akarudi na soda mkononi, wifi akarudi, Baba Mdogo akaonekana akiitafuta kofia yake, na Spika akaibuka na kijiko mdomoni, na papo hapo akapinga.

"Mama, hiyo haihesabiki! Huyo ni mkewe. Na isitoshe hakukuwa na mtu, ni wao wawili wanajibizana ndani ya nyumba yao!"

"Hakukuwa na mtu?" akauliza Mama, akiwa bado na usingizi. "Wewe ulikuwa wapi?"

Spika, ambaye hajawahi kukosa sauti tangu azaliwe, alikitazama kijiko.

"Mimi nilisema likipata wa kulijibu," akasema Mama. "Nasikia limepata. Mke wa mtu naye ni mtu. Mwanangu, endelea. Na sasa niambieni wajukuu zangu wanaendeleaje, maana Jumapili zote hizi nauliza nanyamazishwa."

Msimamizi akaishika kengele. Akaitazama. Akaiweka chini ya meza, na wakaongea mpaka bando la Baba Mdogo likaisha.

Nilikuwa naanika nguo ndani ya jiko nilipogeuka nikamkuta nyuma yangu, amekuja na viatu vyake vya kishetani. Nilishtuka kama kawaida. Alikuwa ameokota ile soksi, ameisuuza.

"Ulijuaje pweza?" akaniuliza.

"Uliliandika mezani kwangu, ukilisoma kwa sauti, na jibu lake."

Mkono wenye soksi ukasimama hewani. Niliuona uso wake ukipita kwenye vyumba vyote vya mitihani alivyowahi kuvilinda. "Hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Huo ni mtihani uliovuja."

"Nenda kamwambie Mama, basi."

Akatazama mlango wa sebule, ambako simu ilikuwa inaita, na mlio wake ni ule aliomwekea Fundi Friji, aliyekuwa hajampigia pasipo kuwa na shida tangu mvua za mwaka jana.

Basi lichongeni mahali pagumu, enyi waandishi, na watoto wakaririshwe: kwamba siku ile, jikoni, mbele ya nguo mbichi, Jicho Lisilosinzia lilisinzia. Alitundika soksi kambani, akaibana kwa kibanio, akaenda kupokea simu.