Kuhusu Gari Langu Linalodaiwa "Inagonga"

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi wa Magari,

Naomba radhi kwa kimya changu cha miezi minne. Siku ile tulipokutana benki uliniomba nikuandikie maoni yangu juu ya huduma za wanachama wako, nami nikakuahidi wiki moja. Sikukusahau. Nilikuwa nikisubiri gari langu linyamaze ili niweze kufikiri.

Nilikufundisha ngeli kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote hukuwahi kutamka "gari yangu" mbele yangu. Ndiyo maana nakuandikia wewe, wala si polisi.

Gari lenyewe unalijua. Ni lile jeupe nililokuwa nikiliegesha nje ya ofisi ya walimu. Sasa lina umri wa miaka thelathini na mmoja. Tangu mwanzo wa mwaka limekuwa likitoa mlio ambao haukuwamo liliponunuliwa. Wanangu walifanya kikao ambacho sikualikwa, wakaniletea uamuzi: gari lipelekwe kwa fundi, na fundi akiandika kwamba ni bovu, liuzwe, nami niwe nikipelekwa kila mahali na mkwe wangu. Nilitia sahihi. Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini huendesha huku akisema, "Baba, unaona hiyo magari yote?" Kila Alhamisi mimi mwenyewe humpeleka mke wangu kliniki ya macho, mwendo wa dakika arobaini. Arobaini za kwenda na arobaini za kurudi, Ndugu Mwenyekiti, pamoja na "hiyo magari". Nisingependa kuumalizia uzee wangu hivyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi hakufungua boneti. Aliniambia, "Mzee, hebu nitolee huo mlio wenyewe." Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa. Nilisimama katikati ya gereji, mbele ya dereva wa lori na mama mmoja muuza vitambaa aliyekuja kuziba pancha, nikasema: "Ko, ko, ko." Fundi akauliza kama nina hakika si ti-ti-ti. Dereva wa lori akadakia: "Ti-ti-ti ni valvu, ko-ko-ko ni pistoni. Rudia, mzee, kwa nguvu!" Nikarudia. Mama wa vitambaa akasema yeye amesikia kwa-kwa-kwa. Ikapigwa kura. Gari langu, ambalo lilikuwa pale pale na lingeweza kuulizwa lenyewe, halikuwashwa mpaka kura zilipohesabiwa.

2. Lilipowashwa, fundi alichukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini, mpini akauweka sikioni na kufumba macho. Kisha akasema, "Pole, Mwalimu. Gari inagonga." Nikamwambia: linagonga. Akajibu, "Ee, inagonga." Nikamweleza kwamba gari ni la ngeli ya LI-YA, nikampa mifano sita. Alinisikiliza kwa adabu, bisibisi ikiwa bado sikioni, halafu akasema: "Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini hata tukisema linagonga, itagonga tu." Dereva wa lori alicheka hadi akaomba maji ya kunywa. Sijadharauliwa hivyo tangu nilipostaafu.

3. Fundi aliandika cheti. Nakinukuu chote: "Gari inagonga. Haifai barabarani." Wanangu wamekisoma kama hukumu, mimi nimekichambua kama sentensi. Kiambishi "i" hakiwezi kusimama badala ya gari. Kwa hiyo, kwa maandishi ya fundi mwenyewe, kinachogonga si gari, bali ni kitu fulani cha ngeli ya I-ZI ambacho hakukitaja. Huenda ni redio. Huenda ni betri, au honi, au kofia yangu iliyo kwenye kiti cha nyuma. Kuhusu sentensi ya pili, nakubali kabisa kwamba kofia haifai barabarani. Mahali pake ni kichwani.

4. Kutokana na namba 3, gari langu halijatuhumiwa kwa lolote. Kuliuza ni kuliadhibu kwa kosa la nomino nyingine.

5. Uzembe huu unaambukiza. Tangu cheti hicho kiingie nyumbani, binti yangu, ambaye nimemsomesha hadi akapata shahada, ameniambia mezani, "Baba, gari imekufa, kubali." Sikuumizwa na habari ya kifo. Niliumizwa na upatanisho.

Kwa hiyo naomba cheti kifutwe. Naomba asiwepo fundi atakayeruhusiwa kufungua boneti kabla ya kufaulu mtihani wa upatanisho wa kisarufi. Naomba chama chako kiunde kamati ya kuorodhesha milio yote ya magari kwa tahajia moja inayokubalika, na gari lolote litakalotoa mlio usiomo katika orodha lihesabiwe kuwa zima mpaka toleo la pili litakapochapishwa. Niko tayari kuiongoza kamati hiyo. Niko tayari pia kutunga mtihani; nimeshautunga, una maswali themanini.

Nisalimie mama watoto wako, na wanachama wote wanaosema "magari haya". Msalimie hata yule fundi, ambaye mikono yake, pamoja na oili yote ile, ni safi kuliko sentensi zake. Wanangu wanakutana tena Jumamosi, na safari hii nimealikwa. Uamuzi ukishatolewa nitakuandikia, uwe wowote.

Ni mimi niliyekufundisha, na ambaye bado nakusahihisha,

Mwalimu wako wa Kiswahili (mstaafu)

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mke wangu barua hii. Yeye alikuwa mshonaji maisha yake yote, hakufundisha sarufi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na injini, baba watoto, iko ngeli gani?" Kabla sijajibu akaongeza, "Si hiyo hiyo I-ZI?" Nikasema ndiyo. "Basi si ndiyo inayogonga? Mbona mimi nilimwelewa yule fundi siku ile ile ulipokileta cheti?" Nimepekua vitabu vyangu vitatu, na vyote vinamuunga mkono. Ukitoa neno la kwanza, cheti hakina kosa. Sikuona haja ya kusubiri Jumamosi; niliwaambia wanangu walichukue. Mkwe wangu amekuja asubuhi hii na kamba, akainama mbele ya gari kwa muda mrefu, kisha akainuka na kusema, "Baba, usiwe na wasiwasi, nimeifunga vizuri." Nimeamua kwamba alikuwa akisema kamba, nami sikumsahihisha. Nilisimama getini nikalisikiliza gari langu likikokotwa mpaka lilipokata kona. Halikugonga hata mara moja.