Mkasi wa Marehemu Kurimoto

Jumamosi, 12 Agosti

Joto. Nyenje wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Kibao cha Bustani Bora kimetundikwa tena kwenye lango la jirani, Bi Tazuko. Tena! Mumewe, Mzee Kurimoto, fundi bustani, alifariki majira ya baridi, lakini azalia zake, vichaka vya maua alivyovikata enzi za uhai wake, zilichanua Mei hii mpaka kamati ya mtaa ikatoa machozi. Zangu hawakuzitazama.

Lakini akili ni mali. Kila mshika mkasi anajua azalia hukatwa mara tu maua yanapoanguka, mwezi wa Juni. Ikifika Agosti, vitumba vya mwaka ujao vimeshajificha kwenye ncha. Ukikata sasa, Mei utatazama majani. Bi Tazuko hajawahi kushika mkasi. Nikamwendea na tikiti maji na sura ya huruma. Nikamwambia marehemu anarudi kesho kwa sikukuu ya wafu, Obon, atajisikiaje akikuta bustani ina nywele timutimu? Zikatwe zote, fupi!

Alinishukuru sana. Akasema yeye hana nguvu, ila ujumbe ataufikisha. Kwa nani, sikuuliza.

Jumapili, 13 Agosti

Jioni kila nyumba imewasha moto mdogo langoni kuwaita wafu wake. Bi Tazuko ameweka mezani farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, mumewe aje mbio, na ng'ombe wa biringanya wa kumrudisha polepole. Moshi wake haukupanda. Ulitambaa chini, ukapenya uani, ukaingia kwangu. Upepo hakuna. Mke wangu Fumie akasema tuingie ndani. Sikubisha.

Jumatatu, 14 Agosti

Azalia zangu! Za mlangoni zote zimekatwa, mviringo safi, hakuna jani lililopita jingine. Matawi yamefungwa mafungu kwa kamba nyeusi. Fundo lile alilifunga mtu mmoja tu mtaani. Nililigusa. Baridi, katika joto hili!

Nikamvamia Bi Tazuko. Huku akimimina chai akaniambia amempa mumewe ushauri wangu neno kwa neno. "Kafurahi huyo, Bwana Ushida! Kasema aanze kwako, ujirani ni undugu."

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Cha pili kilikuwa kimenywewa nusu. Leo sikula mchana.

Jumanne, 15 Agosti

Za upande wa kisima nazo kwisha. Alfajiri niliusikia mkasi. Chwak, chwak, kisha kimya, kama fundi aliyerudi nyuma kutazama kazi yake. Nikachungulia. Hakuna mtu. Matawi yalikuwa yanaanguka.

Ninaogopa. Naandika wazi, ninaogopa. Fumie anasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwambia aache methali, afunge dirisha.

Zimebaki azalia za nyuma ya nyumba. Mei yangu yote iko pale! Lakini nimepata dawa. Kesho wafu wanaagwa. Mzee huyu akipanda ng'ombe wa biringanya atajikokota bustanini mwangu mpaka vuli. Anahitaji mnyama wa mbio.

Jumatano, 16 Agosti

Bi Tazuko alipotoka kuandaa moto wa kuaga, nikamnyakua ng'ombe, nikamwacha farasi wa tango peke yake. Biringanya nikaila na rojo la miso. Ushahidi kwisha!

Moshi ulipanda wima juu ya mapaa. Nikakaribia kucheka. Kisha ukasimama hewani. Ukageuka. Ukashuka kwa kasi, moja kwa moja nyuma ya nyumba yangu.

Fumie akauliza nimefanya nini. Nilipomweleza akaketi barazani, uso hauna damu. "We mzee una wazimu? Tango ndilo la kuja nalo! Umemrudisha!"

Alhamisi, 17 Agosti

Zimekwisha zote. Mei ijayo sitakuwa na ua hata moja. Wafu wa mtaa mzima wameondoka, huyu yupo. Bi Tazuko anaimba jikoni. Nikamuuliza mbona zake hazijaguswa. Akasema mumewe kakataa katakata: za kwake ni Juni, hilo hata mtoto analijua.

Nimelia kidogo. Fumie amekwenda kwa dada yake na hakusema atarudi lini.

Halafu nikafikiri. Alipokuwa hai, Mzee Kurimoto hakukubali kamwe kuugusa msonobari wangu. Sasa hana usingizi, hachoki, na yuko hapa hapa. Kamati inapenda misonobari pia! Nimeegemeza ngazi, nimemwekea kikombe cha pombe ya sake, nikapaza sauti kwa heshima: Mzee, punguza kidogo tu, upande wa lango uache mnene.

Ngazi imelia, kama ilivyo ngazi ikipandwa. Chwak. Kilele chote kimeanguka chini.

Nimemwacha aendelee. Fundi kama yule hapangiwi kazi.